Mlinzi wa Shimo la Taifa

Kazi duniani ni nyingi, lakini Soulaimana hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angeajiriwa kulinda shimo. Shimo, jamani! Si ghala, si benki, si mlango wa mkubwa. Shimo la kina cha mtu mzima na urefu wa hatua kumi na mbili, ukuta hadi ukuta, lililochimbwa katikati ya kijiuwanja cha mtaa mmoja wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani huko Komoro, mwaka 1996, serikali kuu ya Moroni ilipoahidi kuleta bomba la maji. Walikuja wakasimika mfereji mkavu uwanjani, wakachimba kuuelekeza bomba kuu la mji, wakapigwa picha, wakaenda zao. Bomba halikuja. Mwaka uliofuata kisiwa cha Ndzuani kikajitangazia uhuru, kikaipa Moroni mgongo, na watu wa mtaa wakasema alhamdulillahi, sasa tunayo serikali yetu wenyewe, ya papa hapa, itakayoziba shimo.

Thubutu! Serikali mpya ilipolitazama lile shimo, ililipenda.

Mheshimiwa Daoud, mkuu wa ujenzi wa dola hiyo changa, alisimama ukingoni na suti yake ya kijivu, akatikisa kichwa kwa huzuni aliyokuwa ameifanyia mazoezi. "Huu ni ushahidi," akasema. "Dunia ije ione Moroni walivyotutenda. Asiliguse mtu!" Na kweli hakuligusa mtu. Kila mwandishi wa habari na kila mpatanishi aliyeshuka na mkoba wake alipelekwa kwanza shimoni. Akainama, akachungulia, akasema "Lo!", halafu akapelekwa kula pilau.

Ushahidi unataka mlinzi, na hapo ndipo Soulaimana alipopata cheo. Yeye alizaliwa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, akaletwa visiwani kwa ndege mwaka 1977 pamoja na wenzake waliofukuzwa, na kifurushi kimoja kwapani. Miaka ishirini alikuwa akibeba magunia bandarini Mutsamudu, na bado watu walimwita "yule wa kuja na ndege". Basi alipopewa kofia, filimbi na kiti cha plastiki, moyo wake ulijaa. Kofia ilimpwaya mpaka masikioni, mshahara ulikuwa wa ahadi tu, lakini wallahi akiivaa alitembea kama mtu anayekagua gwaride. Watu wakaanza kumwamkia kwa jina lake.

Sasa, ng'ambo ya shimo kulikuwa na mlango wa Bweni Koultoumi. Bweni ndivyo wanavyomwita huko mwanamke wa heshima, na huyu alikuwa mjane, mshonaji, mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Mtu ukikaa miaka miwili umeelekezewa mlango mmoja, macho yatafanya kazi ya macho. Soulaimana alianza kwa kumvushia ndoo za maji kwenye ubao uliolazwa juu ya shimo, akaendelea kwa kumsifu mishono, na siku moja, jasho likimtoka chini ya kofia ya serikali, akamtamkia kwamba anataka kumwoa.

"Nakutaka, Soulaimana, sikufichi," Koultoumi akamjibu bila hata kuinua macho kwenye sindano. "Lakini wajua mila yetu. Nyumba ni ya mwanamke, bwana harusi ndiye anayeingia, kwa joho na ngoma na wazee mbele. Maandamano ya harusi yangu hayatapita juu ya ubao, mmoja mmoja, kama kuku wanaorudi bandani. Ziba shimo, uingie."

"Bweni, nikiliziba nitakuwa mlinzi wa nini?"

"Hilo kajiulize kwenye kiti chako."

Akajiuliza, maskini. Akiliziba, anampata mke na kuwa tena yule wa kuja na ndege. Akiliacha, anabaki na kofia na anaukosa ule mlango. Alikonda kwa mawazo.

Mtaa nao ulikuwa umelizoea shimo. Wakitupa humo maganda, makopo ya dagaa na ndara zilizokatika, na Koultoumi mwenyewe, nisimfichie, ganda la ndizi alilirusha kutoka dirishani. Mouhidine, fundi bomba aliyeishi hatua tatu kutoka hapo, mbuzi wake alitumbukia mara mbili. Kila mara aliilaani Moroni, akamlaani Daoud, akawalaani Wafaransa, akamtoa mbuzi, akarudi kulala. Aliyeteseka kuliko wote hakusema neno. Huyo alikuwa Bi Moinaecha, mama yake Koultoumi, mwenye magoti mabovu, ambaye tangu ubao uwekwe hakuwahi kutoka nje. Dada yake wa Mirontsy alipofariki, mwendo wa nusu saa tu, bibi wa watu alibaki kwenye dirisha la juu akimsomea Yasini, huku wenzake wakivuka kwenda msibani.

Mwaka 1999 ukaitishwa mkutano wa suluhu Moroni. Mheshimiwa Daoud akabeba picha kubwa za shimo, na kwa kuwa picha haiwezi kula kiapo, akambeba na Soulaimana. Wakapanda ndege ndogo ya wapatanishi. Walipofika, wakubwa wakaingia ukumbini kurushiana maneno, shahidi akaambiwa asubiri nje mpaka aitwe. Siku ya kwanza hakuitwa. Ya pili pia. Ya tatu akachoka, akajiendea kutembea vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni.

Nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani njia ikamkatikia. Lundo la kokoto lilikuwa limeziba kichochoro kizima, watu wakipita ubavuni kwa kujikunyata, mmoja akimlaumu mwenziwe kwa kumkanyaga. Na pembeni ya lundo, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mwanamume mwenye kofia iliyompwaya.

Soulaimana akasimama mdomo wazi. "Na wewe unalinda?"

"Lundo la Taifa," mwenye kofia akajibu kwa kiburi. Jina lake Mouridi. "Huu ni ushahidi, bwana. Kokoto na mabomba ya maji tuliyowanunulia watu wa Ndzuani. Yalishushwa hapa yakingoja saini, wao wakajitenga, wasio na shukrani wale! Serikali imesema asiyaguse mtu, dunia ije ione."

"Mabomba ya mtaa gani?"

Mouridi akautaja: ule ule wenye shimo. Soulaimana akakaa juu ya kokoto. Akamsimulia mwenziwe kazi yake, na wote wawili wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Kisha Soulaimana akauliza yako mangapi, na Mouridi akafukua kwa mguu kumwonyesha. Yalikuwa matano. Mabomba matano ya plastiki, kila moja la urefu wa pima moja.

"Matano tu?"

"Matano. Hesabu mwenyewe."

Kicheko kikamkauka. Alijua fika yangetosha shimo zima, maana alikuwa amelipima kwa hatua zake kila siku. Kwa miaka miwili alikuwa akiamini kwamba kilichokosekana ni kitu kikubwa mno, kitu cha marais na mikutano. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

"Ndugu yangu," akasema, "nipe."

"Nikikupa nitalinda nini?"

"Hata mimi nimemwuliza mtu swali hilo, akanijibu nikajiulize kitini."

Mouridi akainuka kitini. Akavua kofia, akaikung'uta vumbi. "Mama mkwe wangu hupita hapa ubavu kila siku, akifika nyumbani ananitukana mimi badala ya serikali," akasema. "Chukua. Mimi nitabaki na kokoto, ni ushahidi wa kutosha."

Wakayabeba mchana kweupe mpaka sokoni Volo Volo. Hapo Soulaimana akamkuta Zainaba, mfanyabiashara wa Mutsamudu aliyekuwa akinunua vitambaa, kwa sababu uhuru au si uhuru, leso lazima zifike. Zainaba alisikiliza kisa chote, akaguna, akaliviringishia kila bomba jora la kitambaa. Siku ya tatu boti lake la mizigo likatua Mirontsy, na askari wa dola changa akagonga majora kwa kidole.

"Mbona magumu hivi?"

"Ya harusi hayo, mwanangu," Zainaba akamjibu. "Ya harusi lazima yasimame."

Soulaimana naye alikuwemo botini. Mheshimiwa Daoud alikuwa amebaki Moroni akigombania meza iwekwe wapi, akiahidi kurudi Ijumaa na wapatanishi waje waone shimo kwa macho yao. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Jumanne hiyo hiyo, alasiri, mtaa mzima ukitazama, Soulaimana alivua kofia, akaiweka kitini, akashuka shimoni na kikapu. Akaanza kutoa ndara na makopo.

"We mlinzi, unafanya nini humo?" Mouhidine akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Nalinda kwa karibu."

Mouhidine akacheka, akarudi ndani. Lakini alipoyaona mabomba yanateremshwa, na yanaungwa ovyo na mtu wa bandari, ufundi ukamwuma. "Toka hapo, utaniharibia jina!" akafoka, akaleta msumeno na gundi yake. Jumatano wanawake wakaja na mabeseni ya udongo vichwani, bila kuitwa mkutano wala kusomewa hotuba. Waliosema hawana nafasi wakaona aibu kupita mikono mitupu. Koultoumi alitoka na beseni kubwa kuliko wote, huku akiwakaripia wengine kwamba wanamwaga vibaya. Alhamisi jioni walishindilia kwa miguu, na ule mfereji wa uwanjani ukakohoa mara mbili, ukatoa maji mekundu, kisha meupe.

Ijumaa baada ya swala, maandamano yakaanza. Soulaimana alikuwa ndani ya joho la kuazima, wazee mbele, matari nyuma, watu sita kwa safu, wanyooshe mikono wapendavyo. Hapo ndipo Mheshimiwa Daoud alipotokea kwenye kona na wapatanishi wake watatu, mkono tayari umenyooshwa kuonyesha msiba. Mkono ukabaki hewani.

"Shimo liko wapi?"

Ngoma zikanyamaza. Kila mtu akamtazama bwana harusi. Naye akatoa filimbi ya serikali ndani ya joho, akamkabidhi Daoud.

"Lipo, Mheshimiwa. Limejaa tu."

Mpatanishi mmoja akauliza ni nani aliyefadhili mradi huu. Daoud akashusha mkono, akaanza kuwaeleza wageni jinsi serikali yake ilivyolisimamia zoezi hilo tangu siku ya kwanza. Watu wakamwachia. Matari yakarudi juu.

Mlango ukafunguliwa, lakini aliyetokeza hakuwa bibi harusi. Alikuwa Bi Moinaecha na mkongojo wake. Akaugonga udongo kwa fimbo, akagonga tena mbele kidogo, halafu akashuka. Akasimama katikati ya uwanja, pale ubao ulipokuwa.

"Kazi hii imechukua muda gani, mwanangu?"

"Siku tatu, mama."

"Siku tatu," akasema bibi.

Soulaimana akamkumbuka yule dada wa Mirontsy, na ile sauti ya Yasini iliyotoka dirishani siku nzima, yeye akiwa kitini na kofia yake. Machozi yakamlenga. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nimekaa papa hapa."

"Najua. Nilikuwa nikikuona. Wewe umekaa, Mouhidine kakaa mlangoni kwake, na mimi nimekaa juu, nina sauti ya kuwaita nyote, sikuwaita." Akamnyooshea mkono. "Nipeleke Mirontsy nikalione kaburi la dada yangu."

Soulaimana akamtazama Koultoumi, aliyekuwa amesimama kizingitini na hina yake na dhahabu zake.

"Nenda naye," Koultoumi akasema. "Mimi nipo."

Bwana harusi akakunja joho, akamshika mama mkwe mkono, wakashika njia ya Mirontsy polepole, wapiga matari wakiwafuata nyuma bila kupiga.