Safari Zangu za Mombasa

Kwani mlitaka nikae vipi ndiyo mjue naumwa, nije nikitambaa, nije nimebebwa kwa blanketi kama gunia la viazi, ama nitoe mfupa mmoja niuweke hapo mezani kwa Immaculate, karani wa chakula cha msaada, aupige picha na tablet yake, yeye ambaye sasa hivi ameuliza "Nasima binti Kombo, wananchi, mnamfahamu? Anastahili?" na megafoni ikakata papo hapo, kwa neno hilo, battery zimekufa, na mtaa mzima chini ya turubai ya chifu umeachwa na swali mkononi na uso wangu mbele yao, na hakuna mkono, hata mmoja... Kituku alipoitwa mikono iliruka kabla jina halijaisha, "Anastahiliii!" mpaka kuku wakatoka chini ya viti, kwa sababu Kituku ni rahisi kusoma, lori lilimlalia kule Maungu, mguu unaishia gotini, full stop, hata mtoto wa nursery anapata hiyo hesabu, na mimi, Mungu nisamehe, mimi na digrii yangu nimemwangalia yule mzee na magongo yake nikamwonea wivu, nimeuonea wivu mguu usiokuwepo, wueh, kumbe mtu hufika hapo... "Mtu akimbie dukani kwa Mansur alete battery," anasema naibu wa chifu, Bwana Obadiah, na Mansur mwenyewe si yuko hapa mstari wa mbele, amefunga duka aje aone ni nani ana njaa, "Battery zangu ni za kuuza, mheshimiwa, si za msaada," watu wanacheka, hata mimi imenitoka kidogo, halafu anageuka na kiti chake chote, ananitazama, "Lakini huyu Nasima si ndiye kila mwezi yuko Mombasa kwa interview? Msichana wa safari huyu! Sisi wenzake Mombasa tunaiona Idi kwa Idi," na hasemi kwa ubaya, hiyo ndiyo shida, angesema kwa ubaya ningemjibu mpaka atafute mlango wa duka lake asiuone, anasema kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia ameketi hapa kando yangu, mamangu, Mwanamina, buibui limepigwa pasi, faili ya hospitali ameifunga ndani ya leso, leso ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kikapu, kama dhahabu ya wizi... Mombasa. Mombasa yangu ni chumba cha nyuma, hatua sita kutoka jikoni, pazia la kijani na beseni, hakuna bahari, maumivu yakishuka mama anafunga dirisha, na joto hili la Voi linalopika mabati, anafungulia redio kaswida mpaka mwisho, ananipa pindo la leso niume, halafu anatoka uani na sauti yake tamu ile, "Nasima kasafiri, kaitwa interview, mumuombee," na mimi ndani mtu anasaga kokoto kwenye mapaja yangu, kwenye mgongo, kwenye vidole, naomba nife, naomba maji, naomba hiyo kaswida iishe, na siku ya nne ninarudi safari, macho ya njano kama embe, ananikalisha kitako, "Tazama juu, mwanangu," ananipaka wanja, wanja linaimeza njano, natoka nje mrembo, watu wananiuliza interview ilikuwaje, nasema watanipigia... watanipigia! miaka mitatu watu wa uongo hawajanipigia, na wale wa kweli pia hawajanipigia, at least wa uongo sijawalipia photocopy... na asubuhi hii, naapa, najua ninakokwenda, ninakwenda kuthibitishwa kwamba ni mgonjwa, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kichupa cha wanja, mama akanipulizia na marashi, "Mtu haendi serikalini kama chokoraa," basi ndiyo nimekaa hapa nanukia, jicho limekolea, nangoja chakula cha msaada... nani ataamini, mimi mwenyewe nikijiona ningesema huyu amekuja kutuhutubia... "Ukipewa nafasi useme miguu," mama ananinong'oneza bila kutikisa midomo, "miguu inakuuma, basi, usitaje damu, watu wa Idris wanarudi Ijumaa," "Mama, damu ndiyo ugonjwa wenyewe," "Shh. La nyumbani ni la nyumbani," kwa sababu Idris ameleta posa ya Rayhana, mdogo wangu, na nyumba yenye sickle cell eti haiposwi, tangu nikiwa mtoto tumeishi hivyo, methali ile ya mficha maradhi niliiandikia insha darasa la saba nikapata thelathini na sita kwa arobaini, mwalimu akaisomea darasa zima, nikarudi nyumbani kuficha maradhi... Immaculate anafuta tablet kwa skafu yake, ananitupia jicho, najua anachokiona, daktari amejaza sehemu yake ya fomu, ameandika jina la ugonjwa, amepiga muhuri, lakini hiyo haitoshi, mpaka mtaa ukubali, mpaka majirani wapige kelele, na lile swali lake la kwanza kabla ya baraza, "Unaweza kutembea mita hamsini bila kusaidiwa?" kuna sanduku la ndiyo na sanduku la hapana, nikamwambia leo naweza, Jumatano iliyopita kutoka kitandani mpaka chooni kulikuwa mbali kama Kasigau, akasema, "Dada, nichagulie moja tu, network inasumbua," moja tu! mimi nimesoma statistics, second upper, hilo ndilo la kwanza kabisa walilotufundisha, kitu kinachopanda na kushuka hukipimi mara moja ukarudi nyumbani ukasema umekijua, mngewapima tembo hivyo mngepita shambani mchana, hamkuona tembo, mngeandika hakuna tembo, na mahindi yameliwa yote... mahindi, ndiyo, acheni niseme, nayataka hayo mahindi, na maharagwe, na mafuta, na hiyo kadi ya msaada, daktari ananiambia kula vizuri, kunywa maji mengi, dawa isikukute na tumbo tupu, na mama anasonga ugali mmoja anaukata mapande matatu, lake ni dogo kila siku, anasema amefunga, mwezi gani huu anafunga, si Ramadhani... "Battery ziko njiani," anasema Obadiah, "tulieni, wananchi," na pale nyuma, nimemwona tena, mama Tryphena, jirani yetu, mwenye kuuza kabichi za kutoka kwao Ronge, ukuta wetu mmoja, tofali moja tu kati ya kitanda changu na jiko lake, nilimwona tangu jina langu liitwe, mkono wake uliinuka mpaka kiwiko, ukasimama, ukashuka, na nikamlaani moyoni, mnafiki, mbona kwa Kituku uliruka mpaka juu... sasa umeinuka tena mpaka kiwiko, na haniangalii mimi, anamwangalia mama. Anamwangalia mama kama mtu aliyebisha hodi akangoja... na mama ametazama chini. Ooh. Kumbe. Uji wa mtama uliokuwa ukiachwa mlangoni, sufuria yenye mfuniko, kila nikirudi kutoka Mombasa, mama akisema ni sadaka ya jirani tu, kumbe yule anajua, anajua zote, kaswida haikumziba masikio hata siku moja, amesikia kila safari yangu tangu kwenda mpaka kurudi, na amenyamaza si kwa roho mbaya, amenyamaza kwa sababu sisi ndio tuliomfunga mdomo, anangoja ruhusa, mtaa huu haukatai kunishuhudia, tumeunyima ushahidi wenyewe, kwa leso, kwa wanja, kwa sauti tamu uani... na Idris hajapimwa damu. Hilo nalo. Rayhana hajapimwa, Idris hajapimwa, baba marehemu na mama hawakupimwa, kumbe wote wawili wanaubeba kwenye damu, wakapika pilau, wakafurahi, wakanipata mimi, mmoja kati ya wanne, hongera zangu, na Ijumaa tunataka kupika pilau nyingine tumtafutie mwenzangu wa chumba cha nyuma... hapana. Hapana, mama. Hasira yako nitaibeba, na Rayhana akinichukia nitamngoja, afadhali posa ivunjike mchana kuliko mtoto avunjike mifupa kila mwezi redio ikiimba... vidole vya mama vimeshika mkono wa nguo yangu, "Kaa, mwanangu," kwani nimeinuka? bado sijainuka, ni mgongo tu umenyooka, ameujua mgongo wangu kabla yangu, na natoa kitambaa, nafuta jicho moja, wanja limetoka jeusi limenipaka shavu lote, nafuta la pili, tazameni, ndiyo rangi yake, leo ni nafuu hii, na battery hazijafika, Mansur bado anacheka, mkono wa Tryphena uko palepale kiwikoni, sauti yangu haihitaji megafoni... Lakini msidhani nimewasamehe nyinyi wa mezani, na wale waliowatuma, wenye maofisi yenye feni, mlioamua kwamba mtu avuliwe nguo mbele ya majirani ndiyo apewe unga. Andika, Immaculate, na uandike siku zote mbili, hii unayoiona na ile uliyokataa kuisikia, na kama tablet yako haina sanduku la siku ya pili, mpigie aliyeitengeneza, mwambie Nasima binti Kombo anamwita, aje Voi, akae jikoni kwa mama Tryphena, aweke sikio ukutani, na asiondoke mpaka niende Mombasa nirudi.