Kiwiko cha Mama Shoka

Baridi yabisi haina adabu. Hunivamia kabla sijafumbua macho, ikavikaba vidole vyangu kama jambazi anayedai funguo. Kufunga kifungo ni vita. Kufungua chupa ya maji ni vita. Kisha naenda buchani, ambako wateja huniita Mama Shoka, na huko sina ruhusa ya kushindwa.

Mume wangu alipofariki, wakwe walikata shauri: bucha ni yangu maadamu naweza kupasua nyama. Nikishindwa, anachukua shemeji, mdogo wa marehemu. Basi nikaficha. Asubuhi hujifungia chumba cha nyuma, nikaufunga mpini wa shoka kiganjani kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaukaza kwa meno, kisha nikateremsha mkono wa koti. Anayenisalimia nampa kiwiko. Mkono wa muuza nyama una damu, nani atashangaa?

Shemeji alishangaa. Aliingia foleni imefika mlangoni, nami niko katikati ya paja la ng'ombe.

"Shemeji, za asubuhi? Nipe mkono."

Nikampa kiwiko.

"Kiwiko wape wateja. Mimi ni wa nyumbani. Weka shoka chini."

"Nina kazi, shemeji."

"Hutaki kuliweka, au huwezi?"

Akanidaka mkono, akapandisha koti. Mpira mweusi ukaonekana.

"Mtazameni shujaa wenu! Kafungwa kama mzigo wa kuni!"

Mtu akacheka. Shemeji akavishika vidole vyangu, akaviminya juu ya mpini, taratibu, akinitazama usoni. Nikasikia kifundo kikilia ko. Maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Nikampiga kichwa puani.

Damu ikarukia mizani. Alipiga magoti, kiganja chake kikashika gogo la kukatia, nami, Mungu anisamehe, nikalishusha shoka juu ya kiganja kile. Alikivuta kikapona kwa upana wa kucha. Shoka likazama gogoni. Nikavuta. Halikutoka. Vidole vilikuwa vimekufa, mpira umekaza, na mimi nimefungwa kwenye gogo langu mwenyewe.

Aliliona hilo. Akatabasamu kwa meno mekundu. Teke la kwanza likanipata mbavuni, la pili tumboni.

"Sema umeshindwa! Sema wasikie!"

Nikatazama foleni. Wa mbele alikuwa mpishi wa hosteli, mwanamke wa miraba minne, kikapu begani.

"Dada," nikasema, "mkono wangu ni mgonjwa. Nisaidie."

Hakuuliza swali. Alinyakua mguu wa ng'ombe pamoja na kwato zake, akamtwanga nao shemeji sikioni. Shemeji akaanguka chali kwenye beseni la utumbo. Mpishi akamkanyaga kifuani, akang'oa shoka kwa mkono mmoja, akanikatia mpira kwa kisu.

Vidole vyangu vilikuwa vimepinda, vimevimba, rangi ya maini. Nikaviinua kila mtu avione.

"Haya, shemeji, kawaambie wakwe vidole vimekufa. Waambie pia leo naajiri mpasuaji. Wa kuchagua ng'ombe, wa kujua pa kukata, wa kuuza, huyo ni mimi, na sitoki."

"Hotuba baadaye, Mama Shoka," mpishi akasema, akilipima shoka mkononi. "Wanafunzi wangu wana njaa. Nipige wapi?"

Nikamwonyesha kiungo. Akapiga.