Theluji ya Sabuni Shambani kwa Bi Khim

Sabuni! Bi Khim aliisikia harufu yake kabla hajaiona. Mwanawe Tekhui alikuwa ameegesha gari kando ya shamba na kushusha mashine moja kama pipa lenye mdomo, na sasa pipa hilo lilikuwa likitapika povu jeupe juu ya mabua ya mpunga.

"Theluji hiyo, mama!" Tekhui alipaza sauti. "Huku kwetu Yunlin leo kama Japani!"

"Theluji gani inanuka kama ndoo ya kufulia? Ptu! Zima uchafu huo."

"Ni kwa ajili ya mtoto, mama."

Mtoto mwenyewe ni Shinle, miaka saba, mjukuu wa pekee. Juzi Tekhui alikuwa amesema kwenye simu, bila hata kumung'unya maneno, kwamba Shinle akiboreka safari hii, baridi ya mwakani watampeleka Japani akacheze kwenye theluji, huku hawaji. Kwa hiyo Bi Khim aliamka alfajiri, na mikono yake ya baridi yabisi, akapanga tanuri la mabonge ya udongo katikati ya shamba lililovunwa, kama walivyofanya kwao kila Januari. Unawasha moto ndani, mabonge yanakuwa mekundu, unatia kuku na viazi vitamu, halafu unaliangusha lote juu ya chakula kiive humo humo. Watoto wanachafuka, wakubwa wanagombana, siku inaisha watu wameshiba.

Nyuma ya tuta, pasipofika upepo, alikuwa ameshajenga na kuangusha kitanuri kidogo chenye kiazi kimoja. Hicho ni cha Mzee wa Ardhi, mungu mwenye shamba. Yeye hula kwanza.

Upepo wa kaskazini ukabadilisha nia, ukalibeba lile povu na kulibwaga juu ya tanuri kubwa. Tsss! Mabonge yakaingia weusi, moto ukakohoa moshi wa sabuni.

"Lo! Lo! Mwanaharamu wee!" Bi Khim alifyeka povu kwa mikono, likamnatia mpaka viwikoni kama makamasi. "Ongeza kuni, tusubiri yakauke."

"Moto unatosha, mama. Mtoto ana njaa."

"Hayajawa mekundu!"

Tekhui hakusikia la mtu. Akasukumia ndani kuku na viazi vilivyofungwa kwa foili, akalipiga tanuri teke, likaporomoka. Mwanamume wa miaka arobaini, kazaliwa kwenye udongo huu huu!

Saa nzima baadaye wakafukua. Kuku alikuwa mweupe, damu mifupani, povu limeingia kwenye foili iliyopasuka. Peishan, mke wa Tekhui, alionja kipande, akatema palepale.

"Mama, hiki si chakula, ni maji ya dobi!"

"Mwambie mumeo, usiniambie mimi."

Shinle alikaa kwenye tuta akijikuna shingo iliyotoka vipele vya sabuni. "Nataka kwenda nyumbani," akasema, na Peishan akaanza kukusanya vitu. Roho ya Bi Khim ilimwuma. Mwaka mzima kusubiri, halafu siku iishie kwa hili jinamizi la kunuka.

Akaenda nyuma ya tuta, akachuchumaa mbele ya kile kitanuri, akatoa sarafu mbili mfukoni. Shinle akamfuata.

"Mzee, umeshiba?" Akazirusha. Zote kichwa. Hapana. Mpaka moja ilale kichwa na nyingine mgongo ndipo amekubali.

Akarusha tena. Zote mgongo.

"Kiazi kimoja, babu, unakitafuna tangu asubuhi?"

Mara ya tatu: zote kichwa.

Kule nyuma mlango wa gari ulifungwa. Bi Khim akanyoosha kidole gumba cha mguu, akaigeuza sarafu moja.

"Kashiba," akasema, akafukua.

Kiazi kilitoka na ganda jeusi, akakipasua, ndani njano na mvuke. Shinle aliuma, akapuliza, akauma tena, masizi mpaka puani.

"Usile!" Peishan alikuja mbio, uso umekunjamana. "Kina udongo hicho!"

"Kule ndiko kuna sabuni," Shinle akajibu, mdomo umejaa.

Alimaliza, akalamba vidole. Halafu akamwinamia bibi yake sikioni. "Bibi, niliuona mguu wako."

Bi Khim alihisi masikio yakimwaka moto. "Nyamaza."

"Tumekula chakula chake hajashiba. Mwakani nitamjengea mimi, nitamtilia viwili." Akageuka. "Baba! Mwakani lazima tuje, tuna deni!"

Tekhui akasimama na pipa lake mkononi, likidondosha povu la mwisho kwenye viatu vyake.

"Umesikia," Bi Khim akamwambia. "Na hilo pipa usije nalo."