Shingo ya Lusia

"Shusha kichwa, Mama Bujiku! Uso majini!"

Lusia alishusha kidevu kidogo tu. Maji ya ziwa yalipomgusa midomo, shingo ikanyanyuka yenyewe, wima kama nguzo ya umeme, na miguu ikazama. Alipiga mikono mara tatu, nne, akameza funda zima, kisha akasimama. Maji yenyewe yalikuwa yakimfika kiunoni.

Bernadina alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa mchuuzi wa sangara, mzaliwa wa Nkome, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Wiki ya tatu hiyo alikuwa akimfundisha mwanamke aliyemzidi miaka kumi na miwili.

"Dada, unaogelea kama mtu anayeogopa kuharibu nywele."

"Nywele zenyewe ziko wapi?" Lusia akajibu, akijipangusa kichwa chake kilichonyolewa. "Tuanze tena."

Hilo la kuanza tena ndilo lililomfanya Bernadina asichoke naye. Watu wazima wengine aliowahi kuwafundisha walikunywa maji mara mbili wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Huyu alikunywa, akakohoa, akaanza tena.

Chanzo cha yote kilikuwa baiskeli. Lusia aliishi Kalangalala, mjini Geita, na kazi yake ilikuwa kupeleka maji kwenye karasha, kule mawe ya machimboni yanakosagwa na mchanga wake kuoshwa ili dhahabu ibaki. Madumu matano kwa safari moja, mawili kila upande na moja juu ya karea ya nyuma, safari nane kwa siku. Aliianza kazi hiyo mwanawe Bujiku akiwa bado mgongoni, na sasa Bujiku alikuwa amemzidi kimo. Mlima wa karasha uliwashinda vijana wengi, wakashuka na kusukuma. Lusia hakuwahi kushuka.

Siku moja gari la matangazo likapita sokoni: mashindano ya michezo mitatu, ziwani, wanawake wanakaribishwa. Liliposema baiskeli kilomita ishirini, Lusia hakusubiri kusikia mengine. Aliegemeza baiskeli ukutani akaenda kuandikisha jina kwa mwandaaji, Mwalimu Sostenes, mzee mstaafu aliyekuwa na daftari na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Niandike, Lusia Masalu."

"Marahaba, mama. Unajua inaanza na kuogelea? Mita mia nne. Halafu baiskeli, halafu kukimbia. Usipotoka majini ndani ya dakika ishirini, baiskeli hupandi. Unajua kuogelea?"

"Mashindano lini?"

"Baada ya wiki tisa."

"Basi nitajua."

Mumewe Enock, mchimbaji, alisikia habari hizo akiwa anakula. "Ukiliwa na mamba," alisema, "usije kunilalamikia mimi." Lakini kesho yake alimwekea mnyororo mafuta, maana safari ya ziwani ilikuwa ndefu, na Lusia aliifanya kila Jumatano na kila Jumapili.

Sababu yenyewe hakumwambia Enock. Alimwambia Bernadina peke yake, wamekaa kwenye mawe wakijikausha. "Miaka kumi na sita sijawahi kuendesha baiskeli isiyo na mzigo. Maji. Gunia la mahindi. Mtoto wa kupeleka kliniki. Hata nikirudi na madumu matupu, yananikokota kwa upepo. Nataka siku moja tu nijue miguu hii ina kasi gani."

Tangu siku hiyo Bernadina aliacha kumdai hata yule samaki mdogo waliyekubaliana kuwa ada.

Shingo, hata hivyo, ilikataa. Wiki ya nne ikapita, ya tano ikaingia. Lusia alikuwa na mapafu, alikuwa na mikono, alikuwa na miguu ambayo mchezaji yeyote angeionea wivu, na bado alizama kama jiwe la kusagia. Jumapili hiyo Bernadina alianza kumwonea huruma, na huruma ilimkera.

Walipokuwa wakirudi, Lusia alijitwika beseni la samaki la Bernadina, akatangulia juu ya mawe ya ufukoni. Mikono alikuwa ameiachia. Njia ilipanda, ikashuka, ikapita kati ya nyavu zilizoanikwa. Bernadina, aliyekuwa nyuma, akaona kwamba Lusia hainamishi kichwa kutazama njia. Aliangalia kwa macho tu. Kichwa hakikucheza hata kidogo.

"Hebu simama, dada. Ulianza kubeba maji kichwani una miaka mingapi?"

"Mitano. Kwetu Kishapu lambo lilikuwa mbali, kwenda na kurudi asubuhi nzima. Ukiinamisha kichwa, maji yanamwagika. Yakimwagika, unarudi lamboni."

"Na nani aliyekurudisha?"

"Mama. Naye alirudishwa na mama yake."

Bernadina alitua kikapu chake. Wiki tano alikuwa akimcheka mwenzake akidhani ni woga. "Nisamehe," alisema. "Rudi majini. Sasa hivi, kabla hatujaondoka."

Wakaingia tena. Bernadina akaweka kiganja kwenye kisogo cha Lusia, bila kukisukuma. "Maji haya yameshafika, dada. Humpelekei mtu. Hata yakimwagika yote, hakuna wa kukurudisha."

Lusia akavuta pumzi na kulaza uso majini, polepole, masikio yakaingia, kisogo kikafuata. Kitu kilimlegea mabegani ambacho hakujua kwamba alikuwa amekishikilia. Miguu ikaelea nyuma yake yenyewe, pasipo kuombwa. Aliona aibu, halafu akaona raha, raha kubwa ya kitoto, mpaka akasahau kupumua na kuinuka akikohoa na kucheka kwa pamoja.

"Wabeja," alisema. Bernadina, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha kuokoteza, alijua ameshukuriwa.

Wiki zilizobaki zilikuwa za pumzi. Enock alimkuta uani amezamisha uso katika beseni.

"Mke wangu, umepoteza nini humo?"

"Pumzi," akasema, akazamisha tena.

Siku ya mashindano walisimama watu arobaini na watatu ufukoni, wengi wao vijana wenye miwani ya kuogelea. Baiskeli zao nyepesi zilipangwa kwenye uzio wa mbao, na mwisho wa safu ilikuwa ile nyeusi ya Lusia, nzito, ambayo fundi alikuwa ameing'oa karea jana yake. Honi ikalia. Alipigwa teke la ubavu, akapitwa na wote, akabaki na mawimbi.

Alipozunguka boya la njano, la mwisho, wenzake walikuwa wameshatoka. Mtumbwi wa Mwalimu Sostenes ukamsogelea. Sheria ilikuwa moja: anayeushika, ametoka mashindanoni.

"Mama Bujiku, dakika kumi na tano zimekwisha. Bado mita mia moja. Shika, mama. Hakuna atakayekucheka."

Upepo ulikuwa umeanza. Lusia aliinua kichwa kuutafuta ufuko, akahisi miguu ikishuka. Aliuona mbali, mbali mno. Ubao wa mtumbwi ulikuwa karibu, mkono mmoja tu.

Akalaza uso. Aliamua kutouangalia ufuko tena. Alihesabu mikono jinsi alivyozoea kuhesabu pedali katika mlima wa karasha, kumi, halafu kumi nyingine, na kila alipogeuza mdomo kuchukua pumzi aliuona ubavu wa mtumbwi ukienda naye sambamba, na mzee ndani yake, saa mkononi.

Vidole viligusa mchanga.

"Kumi na tisa na nusu!" Sostenes alipaza sauti, na sauti ikamkatika. "Nenda, mama!"

Uzio ulikuwa mtupu, isipokuwa baiskeli moja. Watu walipiga makofi, Bernadina akapiga kelele kuliko wote. Lusia alivaa raba bila soksi, akapanda, akakanyaga kwa nguvu ya madumu matano, na baiskeli ikaruka mbele, nusura imwangushe. Alishangaa. Akaishika vizuri, akaingia barabarani maji yakimchuruzika.

Kwenye kilima cha kwanza aliona mgongo wa kijana mwenye fulana nyekundu, amesimama juu ya pedali, anahema. Mbele yake mwingine. Mbele yao kundi zima, dogo kwa umbali, linapanda polepole.

Lusia alikuwa bado hajaanza kukanyaga sawasawa.