Mawe ya Verna

Jumatatu moja ya mwaka 1962, Verna Lindqvist alikwisha kumwaga bakteria kwenye visahani mia mbili na arobaini kabla kahawa haijachemka. Alikuwa fundi wa maabara ya Dakta Pruitt, Pasadena, mwaka wa sita sasa, na ndiye aliyegundua kwamba virusi fulani vilizaana vizuri ndani ya bakteria wa aina moja na kugoma kabisa ndani ya wengine.

Kwenye mkutano wa saa nne alisimama. "Protini ya virusi hivi inakatika njiani. Nadhani kwenye jeni kuna alama inayosema—"

"Asante, Bi Verna," alisema Dakta Pruitt. "Kahawa imebaki?"

Neno lililosalia lilimtoka mdomoni likiwa kijiwe cha kaharabu, chenye rangi ya asali, likaanguka mezani. Merle, mwanafunzi wa uzamivu, alisogeza kikombe chake.

Ikawa hivyo kila Jumatatu. Taya zilimuuma. Dada yake Inga alimshauri, "Si useme harakaharaka, wewe! Mwenzio akija kushtuka, umeshamaliza." Verna akajaribu. Vijiwe vikawa vidogo zaidi, basi.

Mwezi Machi Merle aliinua kimoja dirishani, akaona ndani yake, kwa mwandiko wa Verna, neno "simama".

"Hoja hii nzuri mno," alisema Dakta Pruitt. "Ya nani?"

"Sijui, Daktari. Ilikuwa mezani tu."

Verna alikuwa amekaa kati yao.

Makala ikatoka ikiwa na majina mawili, la Pruitt na la Merle. Alama ile ya kukatiza protini waliiita kaharabu, kwa sababu ya rangi ya kijiwe, na wataalamu wa miji mingine wakalipenda jina. Ilipogunduliwa alama ya pili, nayo wakaipa jina la rangi.

Verna alisoma makala mara tatu, akavua glavu, akaingia ofisini bila kubisha.

"Daktari, nimeosha vyombo vyako miaka sita na sijawahi kulalamika. Lakini hili, hapana. Maneno yale ni—"

Simu ililia. Dakta Pruitt aliipokea, akacheka na mtu wa Boston kwa dakika kumi. Alipoikata, aliokota kijiwe kwenye zulia, akakielekeza kwenye mwanga.

"Yangu," alisoma kwa sauti, akakitia mfukoni.