Siku Ziwa Lilipokunywa Chai

Alasiri moja kama nyingine zote, Dorca Ogola alianua nguo, akawafungia kuku wake ndani, akapandisha jiko juu ya kizingiti. Akina mama wengine wa mtaa wa Kapiny, Kisumu, walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kwa sababu ziwa lilikuwa karibu kupita.

Ulikuwa mwaka wa nane wa Uhuru, na ziwa lilikuwa limepata kazi ya kunywesha nyasi na mawaridi ya wakubwa waliokaa mlimani. Kila siku lilitoka ufuoni baada ya chakula cha mchana, likaingia mtaani kwa adabu, limejikusanya kama mama aliyeshika gauni akivuka tope. Lilisalimu watu kushoto na kulia, likapanda zake. Kulichota njiani kulikatazwa, maana maji yalikuwa na wenyewe. Nyuma yake meli ya Bukoba ilibaki imelalia matope, abiria wakila njugu. Usiku lilirudi limechoka, likalala bila kusema na mtu. Waliolalamika waliambiwa kwamba maendeleo lazima yaanzie mahali fulani.

Hayakuanzia Kapiny. Mfereji wa mtaa ulikuwa umekohoa mara ya mwisho mwaka uliopita, ukatoa kutu, ukanyamaza. Mchotaji wa nyumba ya Dorca alikuwa Magdalene, mke wa mwanawe Dishon, lakini sasa Magdalene alikuwa amejifungua, na mzazi hatoki nje mpaka siku zake zitimie. Kwa hiyo alfajiri Dorca mwenyewe, na goti lake bovu, alishuka ufuoni na ndoo moja, asiweze safari ya pili kabla ziwa halijaondoka. Ndoo hiyo ilimwogesha mtoto, ikampikia mama yake uji, ikaisha. Maziwa ya Magdalene yalianza kupungua. Dorca aliogopa. Alikwisha kuzika wajukuu wawili, na hakutaka kumzika wa tatu kwa sababu ya mfereji.

Alikwenda kwa Bwana Zadock, mkaguzi wa maji, mtu mpole mwenye tai.

"Mama, mimi sina neno," alisema Zadock. "Lakini ziwa ndiyo inachagua barabara yake. Ongeeni na yeye kwanza."

Dorca aliona hapo pana akili. Lakini mtu haombwi barabarani, sembuse aliyekuzidi umri. Mtu hukaribishwa, akaketi, akanywa kitu, ndipo akaombwa. Na akishakula kwako, ataona haya kukunyima. Ndivyo watu wanavyoishi kutoka Kisian mpaka Maseno, na ziwa lililokaa na Wajaluo tangu enzi za mababu halikukosa kulijua hilo. Kilichobaki kilikuwa chai.

"Mama Dishon," alisema Mumbi, jirani aliyetoka Nyeri akauza mboga Kisumu, "unataka kupikia maji chai, na maji ndiyo hakuna?"

"Kuna ile ya uji ya Magdalene."

Mumbi alikwenda kumletea sukari.

Ziwa lilipofika, Dorca alikuwa amesimama mlangoni.

"Misawa, Nam," alilisalimu kwa jina ambalo Wajaluo huliita. "Kila siku unapita tu kama sisi si watu. Ingia kidogo."

Ziwa lilisita, likaona haya, likaingia. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo lilibanana: sehemu yake ikaketi kwenye kiti cha Dishon, sehemu ikaenda chini ya kitanda, na sehemu kubwa ikangoja nje pamoja na viboko. Magdalene alimweka mtoto begani asilowe. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa uani na ndoo zao tupu. Hakuna aliyechota. Mgeni aliyekaribishwa hachotwi.

Dorca alilimiminia ziwa birika zima, hakujibakizia hata tone.

"Chai tamu," lilisema ziwa. "Huko juu wananipitisha mlango wa nyuma. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama nina kiu."

"Nam, tuna mtoto hapa," alisema Dorca. "Mfereji umekauka. Ukipita, tuachie kidogo tu."

"Mimi ni wa kutumwa, mama. Lakini nitawaambia wakubwa neno zuri juu yako," lilisema ziwa, na lilisema kwa moyo mweupe. Liliomba sala fupi ya kuagana, likapanda mlimani. Magdalene alilala bila uji.

Wiki haikuisha kabla Bwana Zadock hajafika Kapiny mwenyewe, amechangamka.

"Mama, umetuletea sifa!" Aliueleza umati kwamba ziwa lilikuwa limesimulia kila bustani kule juu habari za nyumba moja ya Kapiny, ambako lilipewa chai mpaka kikombe kikafurika. Wakubwa walikuwa wamefurahi sana. Walikuwa karibu kuleta bomba jipya hapa, lakini sasa ni wazi kwamba Kapiny kuna maji, tena ya kukirimu wageni. Bomba litapelekwa kwenye bwawa lao la kuogelea.

"Lakini hiyo ilikuwa maji ya uji," alisema Dorca.

"Hiyo hakutuambia," alijibu Zadock, na kwa kweli alimhurumia.

Alasiri ile ziwa lilisimama lenyewe mlangoni, limejaa furaha.

"Wamekuambia? Nilikusifu sana!"

Ndani mtoto alikuwa akilia kilio chembamba, cha mtoto aliyenyonya asipate kitu. Hasira ilimpanda Dorca. Lakini atamtukanaje mtu aliyekuja kumletea habari njema?

"Asante," alisema. "Karibu ndani."

"Leo nimechelewa. Lakini Jumamosi nitakuja na ndugu zangu, mito ya Nyando, Kibos na Yala. Nimewaambia nyumba hii hainyimi mtu chai."

Likapanda zake, likisalimu watu. Dorca alilisindikiza mpaka mwisho wa safu ya nyumba, kama inavyopasa, kisha akapitia kwa Mumbi kuazima vikombe.