Mlango wa Tavernost na Quillebois

Benki ya Tavernost ilianza kwa kukopesha wajenga reli, ikameza benki mbili, ikamezwa na serikali, ikatemwa, na mwaka huu ikafunga ndoa na Benki ya Quillebois. Jina likarefuka hata kibao cha shaba kikavuka ukuta na kuziba nusu ya dirisha la duka la dawa la jirani.

Mkataba ulisema wameungana wakiwa sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Tatizo lilikuwa mabawabu: wawili, mlango mmoja. Anselme wa Tavernost alivaa mkufu wa fedha wa kibawabu tangu ujana. Firmin wa Quillebois alikuja na mkufu wake, na juu ya hayo kiti cha kukunja. Asubuhi moja wenyeviti wa benki hizo mbili wangekutana kuamua nani abaki.

"Wewe una shamba la zabibu," Anselme alimwambia. "Nenda kapumzike, bwana."

"Shamba lina mama mkwe. Nenda wewe."

Magari mawili yakasimama pamoja. Wenyeviti wakafika mlangoni, na kila mmoja akamsihi mwenzake atangulie. Anayekaribisha ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna aliyekubali kukaribishwa. Mvua ikaanza. Waliendelea kusihiana, kofia mkononi, wakitota.

Anselme akaona kibarua chake kinaloa nao. Mlango wenyewe ulikuwa wa kuzunguka, wa vioo, wenye vyumba vinne. Akawashauri waingie chumba kimoja, tumbo kwa tumbo. Wakaingia, naye akasukuma.

Walipofika upande wa ukumbini, mwenyekiti wa Tavernost akasema, "Tafadhali, tangulia." Yule wa Quillebois akasema hapana, haiwezekani kabisa. Mlango ukawarudisha barabarani.

Hadi mchana walikuwa bado wanazunguka. Makarani waliingia benki kwa kupitia dirisha la duka la dawa, na kila mara wenyeviti walipopita ukumbini walipokezwa kipande cha jibini na karatasi ya kutia sahihi. Magazeti ya jioni yaliisifu benki kwa kupata viongozi wasiosimama.

Lakini mlango ulikuwa mzito. Anselme alisukuma kutoka ndani mpaka mikono ikalegea, ndipo Firmin, bila kuombwa, akaupokea upande wa barabarani. Mzunguko uliofuata wenyeviti walitoa uamuzi wao wa kwanza wa pamoja: mabawabu wote wawili wabaki, nusu mlango kila mmoja.

Firmin akafungua kiti chake, akasukuma kwa mguu.

"Anselme," aliita kupitia kioo, "nimewasikia wakinong'ona. Wanataka kununua benki ya tatu."

Anselme akavitazama vyumba vitatu vya mlango vilivyokuwa vitupu.

"Waje tu," akasema. "Nafasi ipo."